Mjadala: Mwenye chale kapita, mwenye tatuu karudishwa. Kipimo ni nini?

Mtoa mada
Wadau, habari za jioni. Binamu yangu wa Mbagala alikwenda kwenye usaili wa kazi ya sare, akarudi kabla ya adhuhuri. Walivuliwa mashati, begani ikaonekana tatuu ya jina la marehemu mama yake, akaambiwa awapishe wengine. Sharti la kutokuwa na michoro mwilini lilikuwemo kwenye tangazo na alilisoma. Alijipa moyo tu kwamba bega halionekani.

Ila wawili waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walikuwa na chale kifuani, zile nyeusi za mganga. Wakapita.

Bibi yetu alikuwa Mmakonde wa Newala, na nembo uso mzima. Fundi alichanja kwa kisu, akasugua masizi ya mbarika kwenye vidonda. Vikipona rangi inabaki maisha. Asiyewahi kuona aende Mwenge kwenye vinyago, aangalie sura za mapiko, vile vinyago vya kuvaa kichwani kwenye ngoma. Chale nazo ni hivyo hivyo, wembe na dawa nyeusi. Na tatuu ya dukani? Sindano tu imeshika nafasi ya kisu. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya mashine ya umeme, akiwa ameiga kalamu ya umeme ya Edison ya mwaka 1876, iliyotengenezwa kunakili nyaraka za ofisini. Kifaa cha ofisi, leo kinamfungia mtu mlango wa ofisi!

Swali langu: tunachokataa ni wino ndani ya ngozi, au ni picha?

Sare Kamili
Alisoma tangazo au hakusoma? Alisoma. Mjadala umefungwa.

Mama wa Sinza
Mwanangu, bibi yako usimpambe. Na mimi mama yangu alikuwa na nembo. Hapa Dar akipanda basi alikuwa anavuta kanga mpaka puani kwa jinsi watu walivyomkodolea macho na kumcheka. Alichanjwa angali binti, hakuulizwa kama anataka. Sisi watoto wake alikataa tusiguswe. Kwa hiyo, hiyo heshima ya nembo iliishia kijijini, mjini ilikuwa ni dhihaka. Binamu yako walau alichagua mwenyewe, kwa hela yake. Hapo nashindwa kumwonea huruma, lakini nashindwa pia kumlaumu, maana jina la mama ni jina la mama.

Mchoraji wa Kinondoni
Nipo kwenye hii kazi, nisemee upande wangu. Wino hautoki kwa sababu unawekwa kwenye ngozi ya ndani, siyo hii ya juu inayobanduka. Seli za kinga zinaumeza, zinashindwa kuusaga, zinakaa nao. Leza inauvunja vipande vidogo ili mwili uuondoe taratibu, kwa awamu nyingi, na bei yake siyo ya mtu anayetafuta ajira. Nyeusi inatoka kirahisi kuliko kijani. Mimi kijana akiniambia anataka kazi ya sare namrudisha nyumbani, nakosa hela. Wanaotakiwa kubanwa ni wanaorudia sindano moja kwa watu wawili. Homa ya ini haisubiri usaili.

Ustaadh wa Temeke
Kwetu ni haramu, na Wakristo nao wana Walawi 19:28. Sioni cha kujadili.

Mtoa mada
Ustaadh, shikamoo. Huo mstari unaanza na kuchanja chale kwa ajili ya wafu, ndipo unafika kwenye alama. Chale zimetangulia! Mama, nimekusikia, na la kanga nimeliuliza nyumbani. Wamekaa kimya, nadhani ni kweli.

Lakini hakuna aliyegusa chale. Ile maiti iliyookotwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, ya miaka kama 5,300, ina alama 61, nyingi zikiwa kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu, na watafiti wengi wanaziona kuwa za tiba. Tungempeleka kwenye usaili angeandikwa mwenye tatuu au mwenye chale?

Humu wapo waliowahi kukaa upande wa pili wa meza ya usaili. Mtujibu: mkiona chale, kwenye fomu mnaandika nini?