Ushauri: kuku wazee wa mayai niwauze wote kabla vifaranga wapya hawajaingia, au nibakize wachache?

MamaTrei_Moro
Wakuu habari za mihangaiko, naombeni mawazo manake hili swala linaninyima usingizi. Nipo Kihonda, Morogoro. Nina kuku wa mayai 40 waliobaki, wamepita miaka miwili sasa, wanatoa mayai kama 18 hivi kwa siku. Alafu nina mitetea 6 ya kienyeji. Nimeshalipia vifaranga 200 wa mayai, wanakuja mwanzoni mwa Oktoba. Banda ni moja, lina wavu katikati. Mume wangu anasema uza wazee wote tuanze upya, mimi naona hao vifaranga mpaka waanze kutaga ni Februari Machi huko, sasa miezi yote hiyo wateja wangu wa trei nawaambia nini, wakishahamia kwa mtu mwingine kuwarudisha ni kazi kweli kweli, na ada ya Januari inatoka humo humo. Hawa kuku ndo wamenifikisha hapa nilipo, kuwauza wote kwa mpigo roho inaniuma. Nifanyeje?

Chalinze_Kijana
Dada uza wote. Wafugaji wengi wa biashara wanawatoa wakifika wiki 72 mpaka 80, wako wamepitiliza. Ukichanganya wazee na vifaranga unaita magonjwa mwenyewe.

Hesabu_Kwanza
Tusikimbilie kuuza wala kubakiza, tupige hesabu kwanza. Kuku wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 40 ni karibu kilo 5, kwahiyo mfuko wa kilo 50 unaisha kama siku 10. Siku 10 unaokota mayai 180, trei 6. Chukua bei unayouzia trei zidisha mara 6, weka pembeni ya bei ya mfuko, ukiona zinalingana au mfuko umezidi basi unafanya kazi ya bure na bado hujahesabu maji, dawa na maranda.

Ila dada angalia kitu kimoja, hayo mayai 18 hayatoki kwa kuku wote 40. Kuna kama nusu wanataga vizuri tu na nusu nyingine wanakula bila kutoa chochote. Ukiwatoa hao wasiotaga mayai yanabaki karibu yale yale, na mfuko unaenda karibu siku 20. Hapo biashara ipo na wateja wako hawaendi popote.

MamaTrei_Moro
@Hesabu_Kwanza asante sana, hiyo ya nusu kula bure sikuwa nimeiwaza. Sasa nitawajuaje wanaotaga? Wote naona wanaingia kwenye viota.

Mama Kibaha
Mdogo wangu hapo nikusaidie, hii kazi naifanya kila mwaka. Ingia usiku na tochi, kuku akishalala hasumbui. Mkamate umpakate kichwa kielekee nyuma kwako, chini ya mkia utapapasa mifupa miwili ya nyonga imechongoka. Weka vidole katikati. Vikiingia viwili mpaka vitatu huyo anataga, kikiingia kimoja tena kwa kubana huyo kaacha. Angalia na tundu lenyewe la kutagia, la anayetaga ni pana, limelowa na limepauka, la asiyetaga ni dogo, kavu na lina unjano. Upanga wa kichwani nao uwe mwekundu na laini, sio uliosinyaa.

Na usidanganywe na uzuri! Yule kuku mwenye manyoya yanang'aa na miguu ya njano safi ndo mara nyingi hatagi, kwa sababu anayetaga sana ule unjano wa miguuni na mdomoni unaishia kwenye mayai, anabaki amepauka na manyoya yamechakaa. Watu wengi wanamuuza mtagaji wanabaki na mrembo. Wafunge kamba mguuni wale wanaotaga, asubuhi uwatenge.

Anayenyonyoka manyoya sa hivi anaweza kurudi kutaga baada ya miezi miwili hivi, ila mayai yatakuwa machache kuliko zamani, kwa umri wa hao wako mimi ningemuuza.

Mifugo_Dom
Naunga mkono kubakiza watagaji ila kwa sharti, WASIKAE banda moja na vifaranga. Ule wavu hausaidii kitu, vumbi na hewa vinapita. Kuku mkubwa anaweza kuugua mafua au mycoplasma (ugonjwa wa njia ya hewa) akapona ukamwona mzima kabisa, kumbe bado amebeba, kifaranga akivuta hewa ile ile ndo anaanza kukoroma na kuvimba macho. Mareks, ule ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, nayo inakaa kwenye vumbi la manyoya. Vifaranga wanachanjwa siku ya kwanza kule wanakototoleshwa lakini mwili unahitaji muda kujenga kinga, hizo wiki za mwanzo ndo za kuwalinda kuliko zote.

Kwahiyo hamisha wazee sasa hivi kabla ya Oktoba, wajengee kibanda cha mabanzi upande ambao upepo unatoka kwa vifaranga kwenda kwao. Ondoa maranda yote ya zamani, osha kwa sabuni, piga dawa ya kuua vijidudu, mwaga chokaa, acha banda likae tupu wiki mbili. Kila siku anza kuhudumia vifaranga ndo umalizie na wazee, na viatu viwe tofauti. Ndoo pia. Wazee wapewe chanjo ya mdondo na dawa ya minyoo mapema, ulizia mayai yasiuzwe siku ngapi baada ya hiyo dawa. Chakula usichanganye, cha watagaji kina kalsiamu nyingi mno, kifaranga kinamharibu figo.

Chalinze_Kijana
Kama ana sehemu ya pili ya kuwaweka sawa, mimi nilidhani wanakaa pamoja.

Mzee wa Singida
Wanangu hamjamwambia habari ya ile mitetea 6 ya kienyeji. Hiyo binti yangu usiuze hata ikizeeka. Kuku wa kisasa haatamii, silika hiyo wameiondoa kwenye mbegu. Mtetea mkubwa aliyezoea anaatamia mayai 10 mpaka 15, anajua kutulia, na akiona kivuli cha mwewe anaita watoto wanaingia chini ya mbawa. Mwenye umri analea kuliko kijana anayeacha mayai njiani. Ila hakikisha hawajawahi kupata taifodi ya kuku, hiyo inapita kwenye yai mpaka kwa kifaranga. Nao wakae mbali na hao 200, kienyeji anazurura anaokota kila kitu.

MamaTrei_Moro
Shikamoo mzee wangu, nimekuelewa. Hawajawahi kuumwa hiyo, nitawaacha. Nimeongea na mume wangu amekubali, usiku wa leo tunaingia na tochi. Wasiotaga wanaenda sokoni wiki hii, wazuri nawahamishia nyuma ya jiko, pana mwembe na upepo unatokea upande wa banda. Je vijana wakishakua naweza kuwachanganya na hao wazee?

Mama Kibaha
Usiwachanganye mdogo wangu, wazee watawadonoa na hutapata faida yoyote. Wazuri kaa nao mpaka Desemba, kuku mkubwa anapanda bei Krismasi, uza nusu hapo ada ipatikane. Waliobaki wauze wapya wakianza kutaga, wateja hawatajua hata kama kuku wamebadilika, labda wataona mayai yamekuwa madogo kidogo mwanzoni, waambie mapema.

Mifugo_Dom
Na mbolea ya wazee usirundike karibu na banda la vifaranga, ipeleke shambani moja kwa moja.