Wimbo mmoja uliompita mwimbaji wake: wewe unaupenda upi?

Msikilizaji wa Tanga

Ndugu wapenzi wa muziki,

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka, lakini kwa wanamuziki ninaotaka tuwazungumzie mambo yamekwenda kinyume: ngoma ingali inalia, na aliyeipiga ndiye asiyekumbukwa. Nina maana ya wale waliovuma kwa wimbo mmoja tu, wimbo uliovuka mipaka ya nchi yao na kupigwa redioni na kwenye sherehe kwa miaka mingi, bila kufuatwa na mwingine wa kiwango hicho.

Naanza na wangu. Marehemu baba alikuwa na kaseti aliyoiandika kwa kalamu ya wino maneno mawili, “Ala tupu”, na wimbo wa tatu upande wa kwanza ulikuwa Skokiaan wa August Musarurwa, mpiga saksafoni wa Bulawayo. Jina hilo ni la pombe ya kienyeji iliyokuwa imepigwa marufuku, kama ilivyokuwa gongo kwetu. Mwaka 1954 sahani hiyo iliingia kwenye chati za Marekani, na wanamuziki kadhaa wa huko wakaurudia wimbo wenyewe, akiwemo Louis Armstrong, ambaye alikutana na Musarurwa alipozuru Afrika mwaka 1960. Kinachonishika mimi ni saksafoni yenyewe: ina mkwaruzo kidogo, na inateleza kutoka noti moja hadi nyingine kama sauti ya mtu anayesimulia jambo lililomfurahisha. Nimesikiliza marudio mengi yaliyopigwa na bendi kubwa zenye vyombo vizuri zaidi, na hakuna hata moja lenye mkwaruzo ule.

Naomba mnitajie wimbo mnaoupenda wa aina hii, na zaidi ya jina, mnieleze ni kitu gani ndani ya wimbo huo kinachowarudisha kuusikiliza.

---

Mpiga Muziki wa Harusi

Nakushukuru, ndugu, kwa mada hii. Kwangu mimi jibu ni Sweet Mother wa Prince Nico Mbarga na bendi yake ya Rocafil Jazz, na sihitaji kufikiri mara mbili.

Mbarga alizaliwa Nigeria, mama yake akiwa Mnigeria na baba yake Mkameruni. Kampuni kubwa ya EMI iliukataa wimbo huo kabla haujatolewa mwaka 1976 na kampuni ya Rogers All Stars ya mjini Onitsha. Inakadiriwa kwamba ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 13, na mwaka 2004 wasikilizaji na wasomaji wa BBC waliuchagua kuwa wimbo unaopendwa zaidi barani Afrika. Mwenyewe hakuwa hai kuyaona hayo, kwa kuwa alifariki mwaka 1997 kwa ajali ya pikipiki.

Umeuliza ni kitu gani ndani ya wimbo. Mimi hupiga muziki kwenye harusi na kwenye sherehe za kumuaga bibi harusi, na nimeona jambo lilelile likitokea ukumbi baada ya ukumbi. Magitaa yanapoanza, kabla hata ya mtu kuimba neno moja, kina mama waliokuwa wamekaa na mikoba yao mapajani wanaiweka chini ya kiti. Wanasimama polepole, wanakaza kanga kiunoni, na mikono inakwenda juu. Wengi wao hawakijui Kiingereza cha mitaani cha Nigeria alichokiimbia Mbarga, wala hawakihitaji, kwa sababu magitaa yale yamepigwa kwa namna ya Kikongo, ile iliyotulea sisi sote huku Afrika Mashariki, solo ikizungumza juu na ridhimu ikiijibu chini. Wakati fulani nilijaribu kumpokea mama mzazi wa bibi harusi kwa wimbo mpya uliokuwa ukivuma mwaka huo. Ukumbi ulimpigia makofi ya heshima, akakaa. Nilipoweka Sweet Mother baada ya chakula, mama yule alilia, na binti yake akavua viatu vya harusi ili aweze kucheza naye.

Nikitaka kuwapumzisha huwa naweka Aki Special wa Mbarga huyohuyo, nao ni wimbo mzuri kweli, lakini wanaousimamia ni wachache, na hao wachache huja mezani kwangu kuuliza ni wa nani.

---

Filimbi ya Bati

Mimi nakwenda Johannesburg, kwenye Tom Hark wa kundi la Elias and His Zig-Zag Jive Flutes, uliofika nafasi ya pili katika chati za Uingereza mwaka 1958 baada ya kutumiwa katika mfululizo wa televisheni ya huko. Walioupiga walikuwa vijana wa filimbi za bati, wakiwemo Jack Lerole na nduguye Elias, na Uingereza haikuwasikia tena baada ya hapo.

Naomba wasikilizaji wasiruke sekunde za mwanzo. Kabla ya filimbi unasikia sauti za vijana wakicheza kamari ya dadu pembeni mwa barabara, wanazungumza lugha ya mitaani, na mmoja anawaonya kwamba gari la polisi linakuja. Dadu zinafichwa, filimbi zinatolewa, na kuanzia hapo wao si wacheza kamari tena, ni wapiga muziki wasio na hatia. Gari lenyewe la polisi waliliita kwela-kwela, na kwela ni jina la muziki huu pia. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, kwa kuwa neno hilo kwa Kizulu maana yake ni kupanda, ndugu wa damu wa “kwea” yetu. Ndani ya muda usiozidi dakika tatu vijana hawa walirekodi namna walivyoishi chini ya sheria za ubaguzi, na wakairekodi kwa furaha. Inanisikitisha kwamba kwenye sahani mtunzi aliandikwa Rupert Bopape, aliyekuwa mtayarishaji, ilhali Lerole alishikilia maisha yake yote kwamba wimbo ni wake.

---

Mwanakwaya wa Mombasa

Nimewasoma wote kwa makini, na ninaomba kutofautiana kidogo na mwenye mada. Unaposema mtu alivuma kwa wimbo mmoja, ni lazima tuulize alivuma wapi. Kwa msikilizaji wa Ulaya, Fadhili William ni Malaika basi, lakini Wakenya wa rika la wazazi wangu watakuimbia pia Taxi Driver bila kuombwa. Nadhani mara nyingi tatizo si kwamba mwanamuziki alikuwa na wimbo mmoja, bali ni kwamba mlango wa kutokea nje ulifunguliwa mara moja tu, ukapita wimbo mmoja, ukafungwa.

Mfano wangu ni Mbube wa Solomon Linda na Evening Birds, uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939 katika studio ya Gallo. Walirudia kuurekodi mara tatu. Katika mara ya tatu, karibu na mwisho, Linda aliacha kile walichokuwa wamekizoea akapandisha sauti nyembamba ya juu, akabuni papo hapo ule mstari mfupi ambao dunia nzima sasa inaujua. Sisi tunaoimba kwaya tunafahamu jambo hilo: sauti nne za chini zinapokuwa zimeshikana barabara, mtu wa juu anapata ujasiri wa kwenda mahali ambapo hajawahi kwenda kwenye mazoezi. Ukiisikiliza sahani ile, utasikia besi hazitikisiki hata kidogo wakati yeye anapaa.

Linda alilipwa shilingi 10. Pete Seeger wa Marekani aliupata wimbo huo kwenye santuri, akalisikia vibaya neno la Kizulu la kiitikio na kuliandika “wimoweh”, na mwaka 1961 kundi la The Tokens likafika nalo kileleni mwa chati za Marekani. Linda alifariki mwaka uliofuata akiwa maskini, na kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe lenye jina lake. Ni mwaka 2006 tu ambapo familia yake ilifikia makubaliano ya kulipwa mrabaha. Hata hivyo, nyumbani kwao hakuwa mtu wa wimbo mmoja. Alikuwa nyota, na jina la wimbo wake likawa jina la mtindo mzima wa uimbaji wa kwaya za Wazulu.

---

Dada wa Kisumu

Nyimbo zenu zina huzuni nyingi, ndugu zangu, nami naomba kuongeza ya kuchangamsha. Kung Fu Fighting wa Carl Douglas, Mjamaika aliyeishi Uingereza, ulirekodiwa mwaka 1974 na mtayarishaji Biddu, mzaliwa wa India, kwa dakika 10 zilizobaki mwishoni mwa kazi, kwa sababu ulikusudiwa kuwa wimbo wa upande wa pili wa sahani. Ukafika namba moja Uingereza na Marekani. Haraka ile inasikika, na ndiyo ninayoipenda: hakuna aliyepata nafasi ya kuupamba.

---

Msikilizaji wa Tanga

Mwanakwaya, nakubali sahihisho lako, na nalikubali kwa moyo mweupe. Musarurwa naye alikuwa na bendi kamili na nyimbo nyingine alizozirekodi, nami sikuwahi kuzitafuta, kwa kuwa kaseti ya baba ilikuwa na ule mmoja tu. Nimeanza kuzitafuta jana usiku. Ndugu Filimbi, nimeusikiliza Tom Hark tangu sekunde ya kwanza kama ulivyoelekeza, na kwa mara ya kwanza nimezisikia zile dadu. Kwenye kaseti ya baba, ambapo wimbo huo unafuata mara tu baada ya Skokiaan, sehemu hiyo ilikatwa, na mimi nimekaa miaka yote hii nikiamini kwamba unaanza na filimbi.