Rangi mbili zikichanganyika naona moja, sauti mbili nasikia mbili. Kwa nini?

fundi_rangi_kongowea

Asalaam aleikum wadau. Kazi yangu ni kuchanganya rangi za nyumba, duka liko Kongowea. Wikendi za harusi napiga fidla kwenye taarab. Sasa kuna jambo lanikera.

Juzi kaja mama mmoja na kipande cha plasta alichobandua ukutani kwake, krimu yenye ukijani wa mbali. Nikamchanganyia: nyeupe, njano kidogo, nyeusi tone. Tukalinganisha chini ya taa ya tyubu, mimi, yeye na kijana wa dukani. Hakuna aliyeona tofauti. Kesho yake karudi amewaka. Nikaenda kwake: jua la saa nne likipiga ukutani, kiraka changu chaonekana kimeingia wekundu. Akafunga madirisha akawasha tyubu, kiraka hakionekani tena!

Sasa kwenye taarab, kanuni, kodiani, tashkota na fidla zikilia pamoja, kila kimoja nakisikia. Uzi mmoja wa kanuni ukilegea namgeukia mwenyewe papo hapo, iwe ukumbini, iwe uwanjani. Mbona jicho, ambalo ndilo linalonilisha, haliniambii ndani ya ile krimu mna nini? Msinijibu "ni uzoefu". Uzoefu ninao.

Mwl_Changamwe

Waaleikum salaam fundi. Jicho lako zima. Ila jicho hujumlisha, sikio hupambanua.

Ndani kabisa ya sikio kuna kirija kilichojiviringa kama konokono, kimejaa maji, na katikati yake umepita utando. Sauti nyembamba huutikisa mwanzoni, nzito huutikisa mwishoni. Juu yake zimepangwa seli zenye vinywele, na zile zinazopeleka habari hasa kwenye ubongo ni kama 3,500 kwa kila sikio. Georg von Békésy alipata Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha wimbi linavyosafiri kwenye utando huo. Kwa hiyo kanuni na kodiani zinagusa mahali tofauti, na ubongo unapata habari ya kila mahali.

Jicho, kwa rangi za mchana, lina aina tatu tu za seli zinazoitwa koni. Moja hushtushwa zaidi na mawimbi mafupi ya mwanga, nyingine ya kati, nyingine marefu. Koni inajua kushtuka sana au kidogo, basi. Urefu wa wimbi lililoingia haiujui. Ubongo unapokea hesabu tatu, na michanganyiko miwili ikitoa hesabu zilezile utaapa ni rangi moja. Thomas Young alikisia habari ya vipokezi vitatu mwaka 1802, bila kuwahi kuviona.

Jaribu hivi. Nyunyiza chumvi kidogo kwenye moto wa jiko la gesi: ile njano inatoka kwa sodiamu, urefu wa wimbi lake nanometa 589. Halafu fungua picha ya njano tupu kwenye simu, dondosha tone dogo sana la maji juu ya kioo, uchungulie ndani ya tone. Utakuta vinukta vyekundu na vya kijani. Vya njano havimo! Jicho linaziita zote mbili njano. Sasa bonyeza do na mi kwenye kinanda kwa pamoja. Umesikia re?

Ya mama nayo ni hiyohiyo. Rangi yake ya zamani na yako zina poda tofauti. Tyubu inatoa mwanga mwingi kwenye mawimbi machache na kuacha mapengo. Jua linajaza yote. Mwanga ukibadilika, zile hesabu tatu zinaachana.

kijana_wa_majengo

Kumbe sikio ndilo bingwa?

Mwl_Changamwe

Kwa upana, ndiyo. Kutoka hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi 20,000 ni kama oktavu kumi; kila oktavu ni mitetemo kuongezeka maradufu. Mwanga tunaouona, nanometa 380 hadi 750 hivi, haufiki hata oktavu moja. Lakini zima taa umtafute mbu kwa sikio, ndipo utajua jicho limeumbwa kwa kazi gani.

mpishi_kibokoni

Macho na masikio mmeyamaliza, ulimi mmeuacha na njaa. Mimi napika biriani za harusi. Siku nina mafua nikaonja rojo: chumvi naipata, ndimu naipata, pilipili yaniunguza, lakini iliki na zafarani sizioni kabisa. Ikabidi binti yangu aonje.

nesi_wa_zamu

Dada, ulimi wako ulikuwa salama, kilichoziba ni pua. Ulimi unajua tamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ule unono wa supu ya nyama, aliouchambua Kikunae Ikeda kule Tokyo mwaka 1908. Ile ramani ya shuleni, eti tamu mbele na chungu nyuma, isahauni. Iliki na zafarani ni kazi ya pua, ambayo ina vipokezi vya aina kama 400. Pilipili nayo haionjwi: inagusa kipokezi kilekile kinachotuambia kitu kinachoma. David Julius alishiriki Nobel ya 2021 kwa kazi hiyo. Na kwa kupambanua, pua iko kati ya sikio na jicho; harufu zikizidi tatu nne hivi, hata wazoefu wanashindwa kuzitaja moja moja.

mpishi_kibokoni

Wazoefu wa wapi hao? Nileteeni bizari ya mtu yeyote niifumbie macho.

fundi_rangi_kongowea

Shukran nyote. Ukuta wa mama tumekubaliana upakwe wote, kona hadi kona: rangi juu yake, ufundi sitozi. Mwalimu, nikifunga balbu ya zamani, ile ya uzi, kando ya tyubu nilinganishe chini ya zote mbili, itasaidia?

Mwl_Changamwe

Sana. Balbu ya uzi ina mwanga mwekundu mwingi, na rangi zenu mbili zilipishana kwenye wekundu, kwa hiyo huenda ungeiona hapohapo dukani. Ila ina buluu kidogo mno. Mteja wa buluu au zambarau mtoe nje na kopo lake.