Uzi wa malalamiko: Mtu aliyetupeleka Rimini, kisha akaniambia hadharani kwamba daraja ni daraja

Bintiye Nahodha (mwanzisha uzi):

Wanajukwaa, sina haja ya kumtaja jina, kwa kuwa kila aliyewahi kuchangia safari za pamoja za Waswahili wa kaskazini mwa Italia anamjua. Ni yuleyule mwenye kofia nyeupe na daftari la michango, anayejitangaza kuwa mwenyeji wa kila mji ambao hajawahi kuuzunguka kwa miguu. Ninaandika nikiwa hotelini hapa Rimini, mji wa ufukweni wa Italia, na mchanga haujanitoka miguuni, kwa sababu nikingoja hadi kesho huenda hasira ikapoa, nami sitaki ipoe.

Leo mchana, mbele ya msafara wote, wakiwamo wakwe zangu, nilimwomba kwa adabu kwamba jua likipungua twende tukalione Daraja la Tiberio. Bwana huyo, bila hata kuvua miwani, huku akimlipa mchuuzi wa vipande vya nazi, alinijibu: "Dada, daraja ni daraja. Kaa ule piadina yako," yaani ule mkate wao mwembamba kama chapati. Watu wakacheka. Mama mkwe akacheka mpaka akashika ubavu.

Daraja ni daraja! Daraja lililoanzwa enzi za Kaisari Augusto na kukamilika mwaka 21 baada ya Kristo chini ya Tiberio, yuleyule anayetajwa katika Injili ya Luka, lenye matao 5 ya mawe meupe ya Istria, na ambalo mwaka 1944, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma na kulipua madaraja ya mto Marecchia, lilibaki limesimama. Magari yaliendelea kupita juu yake hadi miaka ya karibuni. Limebeba majeshi, punda na malori kwa miaka elfu mbili bila kunung'unika, na leo limedharauliwa na mtu aliyelala juu ya kitanda cha kukodi kwa michango yetu.

Wala si mbali. Ukifuata tu mfereji wa bandari kutoka ufukweni, miguu yenyewe itakufikisha, na ng'ambo yake kuna Borgo San Giuliano, mtaa wa zamani wa wavuvi, ambao kuta zake zimechorwa picha za kumkumbuka Federico Fellini, mtengenezaji filamu aliyezaliwa mjini humo mwaka 1920. Mimi, mtoto wa nahodha, nimenyimwa hata kuona mtaa wa wavuvi!

Kwa haki, sina ugomvi na ufukwe wenyewe. Una urefu wa kilomita 15 hivi, umegawanywa viwanja vyenye namba, kila kimoja kikiwa na miavuli ya rangi yake, na asiyekariri namba yake anaweza kutoka majini na kuzeeka akimtafuta mumewe. Maji ni ya kina kifupi, watoto wanaogelea bila kututia presha, na waokoaji wako juu ya viti vyao. Ugomvi wangu ni kwamba bwana yule alitupanga chini ya miavuli kama samaki wa kukaushwa, na kila aliyeinuka alihojiwa anakwenda wapi. Nilipotaja Tao la Augusto, la mwaka 27 kabla ya Kristo, ambako barabara ya Flaminia kutoka Roma ilikuwa ikiishia, alisema jua ni kali. Nilipotaja Nyumba ya Tabibu, ambamo vilifukuliwa vyombo vya upasuaji vya Kirumi zaidi ya 150, alisema hatukuja hospitali. Nilipotaja Ravenna, ambayo ni kama saa moja kwa treni, na michoro yake ya vijiwe vya rangi ya karne ya 5 na ya 6, alisema vigae hata bafuni vipo.

Hayo yote niliyameza. La daraja limekwama kooni. Na angelisema kwa sauti ya chini ningemsamehe, lakini alilisema kwa sauti ya mnadani, kiasi kwamba Waitaliano wa safu ya tatu waligeuka bila kujua hata Kiswahili. Daraja ni daraja, mbele ya mama mkwe! Ninadai aniombe radhi mbele ya watu walewale, na anifanyie hivyo akiwa amesimama juu ya daraja lenyewe.

Mzee wa Kahawa:

Pole sana, mwanangu. Nimeusoma uzi wako mara mbili, na nimebaki na swali moja: hiyo nazi ilinunuliwa kwa kiasi gani? Binti wa nahodha, na ukoo mzima wa watu wa Pwani, mnakaa mnatazama mtu akilipia kijipande cha nazi kilichonyunyiziwa maji ili king'ae, na kinachokuudhi wewe ni daraja?

Shemeji wa Bologna:

Bwana huyo alitupeleka San Marino mwaka jana. Ukiwa Rimini unapanda basi karibu na stesheni, linakukwezea hadi mlima Titano, wenye urefu wa mita 739, na kukiwa na anga safi unaiona Adriatiki yote kule chini, pamoja na minara mitatu ya kale. Sisi alitushusha, akanunua aiskrimu, akatangaza kwamba tuna nusu saa. Ni jamhuri kamili hiyo, wanajukwaa, na sisi tulichoona ni maegesho yake. Hata hivyo, dada, niruhusu niseme ukweli: mama mkwe wako hakulicheka daraja. Alikucheka wewe uliyekwenda kuoga baharini na orodha ya magofu.

Mkunga wa Malindi:

Mimi ninaishi na Waitaliano huku Malindi, na wengine nimewasindikiza kwenye magofu ya Gedi. Nilimwona mmoja, mzee wa watu, amesimama mbele ya kisima kikavu mpaka dereva akachoka kupiga honi. Hakuna Mswahili aliyemwambia kisima ni kisima. Kwa hiyo ninamuunga mkono mwanzisha uzi, ingawa uandishi wake ni mrefu kupita kiasi.

Bintiye Nahodha:

Ninawashukuru wenye huruma. Mzee wangu wa Kahawa, shikamoo, lakini nazi si mada. Mada ni kwamba nimeambiwa daraja ni daraja, na kwamba nikae nile piadina.

Abiria wa Mwisho:

Samahanini, hapo kwenye piadina ndipo pa kusimama. Je, kuna aliyeuliza ilikandwa kwa mafuta gani? Piadina ya Romagna kwa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Ipo pia ya mafuta ya zeituni, na vibanda vingi hutengeneza zote mbili, lakini ni lazima mnunuzi aseme. Kama kiongozi wa msafara aliagiza kwa ajili ya watu wote bila kuuliza, uzi huu umeanzishwa kwa kosa dogo na kubwa limeachwa chini ya mwavuli.

Bintiye Nahodha:

Yangu niliiagiza mwenyewe, ya zeituni, yenye jibini laini la squacquerone na majani ya rucola. Za wengine aliziagiza yeye. Sikusikia akiuliza lolote.

Mjumbe Kimya:

Nilikuwamo katika msafara huo. Nilikula, nikaongeza. Ninaomba mwenye risiti aiweke hapa usiku huuhuu.

Shemeji wa Bologna:

Risiti ya mtu yule? Ndugu yangu, daftari lake halina hata tarehe.

Bi Mkubwa wa Torino:

Nyinyi mna kiongozi wa kumlalamikia. Mimi nina mume. Alinipeleka Cinque Terre, vile vijiji 5 vya pwani, akachagua Corniglia, ambacho kati ya hivyo ndicho pekee kisichogusa maji, kwa kuwa kimekaa juu ya jabali huku stesheni ikiwa chini kabisa. Kati ya stesheni na kijiji kuna ngazi zaidi ya 370. Lipo basi dogo la kupandisha watu, nalo lilikuwa limesimama pale likitungoja, lakini mume wangu alisema kutembea ni afya, kisha akanikabidhi begi ili apige picha. Kesho yake akataka Njia ya Wapendanao, ile iliyofungwa mwaka 2012 baada ya mawe kuporomoka na kuwaumiza watalii, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Tulifika mlangoni tukaambiwa watu huweka nafasi mapema. Dada umenyimwa daraja. Mimi nimenyimwa basi na mapenzi kwa pamoja.

Mpiga Makasia:

Bi Mkubwa, usilie. Pango la Buluu la kisiwa cha Capri mnalisikia? Mdomo wake ni mdogo kiasi kwamba mnalala chali ndani ya mtumbwi mmoja juu ya miguu ya mwingine, naye mwenye makasia anavuta mnyororo kuwaingiza. Bahari ikichafuka kidogo tu, hakuna kuingia, na waliokwisha kupanga foleni wanarudi walikotoka. Tulingoja juani mpaka shemeji yangu akatapika, tukaingia kwa dakika chache, tukatoka. Ninakiri kwamba rangi ile, inayotokana na mwanga unaopenya kupitia uwazi ulio chini ya maji, sijaiona penginepo. Ila shemeji alikuwa amefumba macho muda wote.

Bintiye Nahodha:

Ninaomba kwa heshima turudi kwenye uzi. Mtu mzima ananiambia daraja ni daraja...

Mtembezi wa Sardinia:

Capri na Corniglia ni mateso ya kujitakia. Anayetaka maji meupe aende La Pelosa, kule Stintino, Sardinia, ambako wakati wa kiangazi huruhusu watu 1500 tu kwa siku, unalipia mapema na kuvishwa kitambulisho mkononi. Nilikuwa nimelipa, nimevishwa, nimefika. Nikatandika taulo. Mlinzi akaja kuniinua, kwa sababu pale taulo haitandikwi juu ya mchanga mpaka itanguliwe na mkeka, ili mchanga usiondoke na taulo. Na kisiwa kile hakina mzaha na mchanga wake: anayeubeba kuondoka nao hupigwa faini ya kuanzia euro 500 hadi 3000.

Mzee wa Kahawa:

Subiri kwanza. Mswahili ameinuliwa ufukweni kwa kukosa mkeka?

Mtembezi wa Sardinia:

Mzee, ndiyo. Ninaomba lisifike kwa mama.

Mkunga wa Malindi:

Mkeka wa ukindu unakubalika, au ni lazima uwe wa dukani kwao?

Mtembezi wa Sardinia:

Wanachotazama ni kwamba taulo isiguse mchanga. Sikuona wakiuliza mkeka umesukwa wapi.

Bi Mkubwa wa Torino:

Ninayo mikeka ya ukindu kutoka Pemba, myepesi, inakunjika ndani ya begi. Anayehitaji aniandikie pembeni tuzungumze.

Msimamizi:

Wanajukwaa wanakumbushwa kwamba matangazo ya biashara hayaruhusiwi katika uzi wa malalamiko.

Bi Mkubwa wa Torino:

Msimamizi, sijataja bei.

Mzee wa Kahawa:

Basi itaje, tuone kama inaizidi nazi ya Rimini.