Naomba ushauri: binti yangu ang'olewe meno manne kabla ya kufungwa waya?

Habari zenu wakuu, binti yangu ana miaka 12, meno ya juu yamechomoza mbele, ya chini yamebanana na chonge moja imeota juu kabisa kwenye fizi, haina pa kukaa. Siku hizi akicheka anaziba mdomo na kiganja, inaniuma sana.

Nimempeleka kwa daktari wa meno hapa Dar, kamwangalia na tochi kama dakika tano hivi akasema yang'olewe meno manne, yale magego madogo yanayofuata chonge, ndo afungwe waya kwa miaka miwili na kila mwezi arudi kukazwa. Hakuna eksirei wala kung'atishwa ule udongo wa kuchukua umbo la meno, hapo ndo nikapata wasiwasi maana mdogo wangu alivyofungwa waya walianza na eksirei ya mdomo mzima na ya kichwa kwa ubavu, wakasema lazima wajue kama shida ni meno au taya lenyewe, matibabu yake ni tofauti. Jino la ukubwani likishang'olewa halioti tena jamani.

Najua kuna wakati kung'oa hakuepukiki kama nafasi hakuna. Ila waliopitia hili naombeni mniambie, wanenu waling'olewa? Kuna aliyetanuliwa taya badala yake? Na kile kifaa cha kuvaa waya zikishatolewa ili meno yasirudi, mtoto anakivumilia kweli?