Kajifutia mafuta ya samaki mgebuka na risiti yangu, hii hela LAZIMA irudi

Wakuu naandika mikono inatetemeka, nimetoka pale ofisini kwao sasa hivi, hapa Mwanga, Kigoma, ile ya geti la kijani, mnaijua na bosi wake mnamjua, yule anayevaa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba, sina haja ya kumtaja.

Nilimpa 1,850,000 kianzio cha mashine ya kukamulia mawese, mkataba unasema wiki tatu. Huu ni mwezi wa tisa tangu nilipe! Kila nikienda naambiwa mzigo uko Tabora unasubiri behewa. Behewa gani hilo wakuu, konokono angetoka Tabora siku ile angeshafika Kigoma, akajenga, akaoa, na sasa hivi anasomesha. Mama yangu kule Mwandiga bado anatwanga chikichi kwenye kinu, mabega yamekwisha.

Leo nimeenda na risiti. Namkuta anakula ugali na mgebuka, hata karibu hakuna. Nikamwekea risiti mezani. Akauliza "hii ndo nini?" halafu akaichukua akajifutia vidole. Vidole! Kimoja kimoja, mpaka gumba, na risiti yenye muhuri wao wenyewe. Kisha ananiambia "nenda mahakamani, barabara iko wazi."

Angenitukana ningevumilia, angenitoa na mlinzi ningevumilia, lakini kujifutia vidole?? Mgebuka kanunua kwa hela yangu, mafuta yake kayarudisha kwenye risiti yangu.

Sasa naenda kweli. Anayejua hela ya namna hii inarudije kisheria aseme, nianzie polisi au mahakamani? Mkataba ninao, meseji za muamala ninazo, risiti ndo hii inanuka samaki.

BwanaChikichi: Mgebuka wa kukaanga au wa kuchoma? 😂

Karani Mstaafu: Kijana, hiyo risiti usiioshe, ipige picha pande zote mbili leo leo. Polisi unaweza kufungua jalada la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, chukua RB (namba ya taarifa yako polisi), ila wakikuambia "hili ni suala la madai" usigombane nao, penye mkataba wanasema hivyo sana. Upande wa madai anza na barua, mpe siku 14, asaini nakala, akikataa uwe na shahidi. Akikaa kimya fungua kesi. Miamala omba waliokupa laini wakuchapishie na mhuri. Na nenda ukatafute BRELA kampuni imesajiliwa kwa jina gani, maana jina la kwenye bango si lazima liwe hilo hilo, utashtaki bango ukute umeshtaki bati.

Mtoa mada: Shikamoo mzee, asante sana. Ila alijifutia vidole mzee wangu. Mpaka gumba.

Karani Mstaafu: Marahaba. Hayo ya gumba kamwambie hakimu.

Dada wa Katubuka: 1,850,000 bila kuiona mashine hata kwa picha? Ulitakiwa ufutiwe wewe.

Mnyamwezi wa Isevya: Ngoja kwanza. Geti la kijani? Miwani ya jua? Huyo huyo ana ofisi huku kwetu Tabora, nimemlipia mizinga 40 ya nyuki tangu mwaka jana na kila siku naambiwa mizinga ipo KIGOMA!!

BwanaChikichi: Kwa hiyo mashine na mizinga zimepishana stesheni ya Uvinza 😂😂

Karani Mstaafu: Nyie wawili unganeni, kila mmoja anakuwa shahidi wa mwenzake. Pelekeni na Tume ya Ushindani, FCC, kumlinda mlaji ni kazi yao. Kama hela ya wakili hakuna waulizieni wasaidizi wa kisheria, wapo kisheria kabisa tangu 2017, hawatozi. Madai ya mkataba muda wake ni miaka 6 lakini msikae mpaka ahame. Na hukumu siyo hela, ukishinda asipolipa unaomba kukazia hukumu, dalali wa mahakama anakamata mali, kwa hiyo anzeni sasa kuchunguza lile gari ni la nani.

Mnyamwezi wa Isevya: Gari nasikia la shemeji yake.

Dada wa Katubuka: Afadhali nyie mna mkataba. Mhazini wa kikoba chetu kahamia Kasulu na hela za sanduku la kufuli tatu, na funguo zote tatu tulikuwa nazo sisi!

BwanaChikichi: Kalifunguaje sasa?

Dada wa Katubuka: Kalikata chini kwa tindo. Kufuli zote kaziacha zimefungwa vizuri, tukawa tunahesabu kufuli kila Jumamosi tunaandika kwenye daftari "salama".

Mnyamwezi wa Isevya: Jamani!! Huyo ni mwamba.

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye risiti, nimeshaanza kuandika ile barua, mafuta niyataje au niache?

BwanaChikichi: Subiri kidogo mkuu. Dada malizia, tindo aliitoa wapi?