Majengo marefu yataipa Mwanza sura gani?

Mkazi wa Kirumba: Ndugu zangu, ninaporudi na meli kutoka Ukerewe, ninachokiona mapema ni hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, kisha mawe, kisha mabati ya nyumba za mlimani, lakini katikati ya mji panaonekana kama pamelala. Je, maghorofa mapya yanaweza kupapendezesha bila kuyaficha mawe yetu?

Mchora Ramani: Yanaweza, mradi yapangwe. Maghorofa machache yaliyosogeleana karibu na Barabara ya Kenyatta, yakipishana kwa urefu, yataupa mji kilele cha kutazamwa, ilhali jengo moja refu likisimama peke yake ufukweni litawazibia upepo na ziwa wote walio nyuma yake. Itale ya Mwanza, yaani mwamba wake mgumu wa graniti, hubeba msingi vizuri, ingawa kuichimba ili kupata maegesho ya chini ya ardhi ni gharama kubwa.

Mama wa Igogo: Nakubali, ila naomba tusiisahau ghorofa ya chini. Jengo lenye ukuta na geti kando ya njia humfukuza muuza matunda na mpita njia. Afadhali baraza pana lenye kivuli, na maduka yanayofunguka barabarani. Tena, kuta za vioo zinazoelekea magharibi huchomwa na jua kuanzia saa tisa alasiri.

Mkazi wa Kirumba: Nimekuelewa, mama. Basi upeo wa kuliona Jiwe la Bismarck, lile jiwe letu maarufu lililosimama ziwani, upimwe kwanza, ndipo urefu wa majengo ya jirani uamuliwe.